Ubao wa Shangazi Pudensiana

Majimoto, Mpimbwe
6 Februari 1999

Mwanangu Recho,

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja nimeipata juzi. Ilikuwa imelala Posta ya Mpanda tangu Krismasi, maana hakuna mwalimu aliyekwenda kufuata mshahara mpaka Januari ilipoisha. Muhuri umefifia, lakini nilijua ni wewe kabla sijafungua bahasha. Herufi "g" zako bado zina mkia wa nyani. Namshukuru Mungu kwamba u mzima na una kazi.

Sisi huku hatujambo. Mvua imekuja kwa wakati na mpunga umeshika rangi. Ng'ombe wa jirani yetu Mwandu wameingia shambani mara mbili, na mara zote mbili Mwandu amekuja na maziwa kuomba radhi, kwa hiyo hatujui tuombe wasirudi au warudi. Mimi bado nina darasa la sita, watoto sitini na watano chumba kimoja. Wote wanakusalimu.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi uliopita tulikuwa na semina ya walimu Sumbawanga. Mkufunzi mmoja alisema nchi za watu kuna walimu wanaandika shajara zao kwenye kompyuta. Kila siku wanaweka habari mpya juu ya ile ya jana, na mtu yeyote duniani anaweza kusoma. Wenzangu walicheka, wakauliza posho inatoka saa ngapi. Mimi sikucheka. Unayajua madaftari yangu ya kwenye sanduku la bati. Nimeandika mambo ya darasani tangu mwaka 1979, na hadi leo wasomaji wangu ni mchwa, nao hawajawahi kutoa maoni.

Wewe umeandika kwamba uko kwenye ofisi yenye kompyuta kumi na mbili, na kwamba umekuwa mtaalamu. Basi nifundishe. Usianze kuniambia kwamba Majimoto hakuna umeme wala simu, hilo nalijua, ninaishi hapa. Nilikufundisha kusoma ukiwa na miaka minne, kwa kipande cha mkaa ukutani. Sasa ni zamu yako.

Shangazi yako,
Mwl. Pudensiana


Dar es Salaam
14 Machi 1999

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama palepale Posta. Nilicheka mpaka mlinzi akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Mimi ni mzima kabisa. Joto la huku linaweza kuivisha yai. Nakaa Manzese, chumba kimoja na dada wa Kigoma anaitwa Immaculata. Anauza maandazi, kwa hiyo njaa siijui. Kazini ni kuzuri. Ofisi yetu ni safi kuliko zote mtaani, kila mteja anaisifu.

Umesema wote wananisalimu. Nashukuru. Ila wote ni watu wangapi, shangazi? Hukutaja majina.

Haya, somo. Kuna kampuni huko Marekani inagawa viwanja vya bure ndani ya intaneti. Unaomba kiwanja, unapewa anwani, unajenga ukurasa wako. Kujenga kwenyewe ni kuandika tu, lakini unaandika pamoja na alama za kuiamrisha kompyuta. Mfano: unataka neno lionekane nene. Kabla ya neno unaandika bano la pembe, yaani kama mdomo wa kunguru, halafu herufi b, halafu bano linalotazama upande wa pili. Maana yake ni "kuanzia hapa, nenepesha". Neno likiisha unaandika vilevile, ila unatia kistari kilichoinama kabla ya b. Maana yake ni "basi, acha". Usipofunga, kompyuta itanenepesha mpaka mwisho wa dunia. Haijui kubahatisha kama binadamu.

Rangi nazo zina namba. Nyeusi ni sifuri sita. Nyeupe ni herufi F sita. Nyingine nimeziorodhesha nyuma ya karatasi hii.

Wewe andika kila kitu kwa mkono, habari pamoja na alama zake. Mimi nitachapa kama ulivyoandika, bila kukusahihishia hata nukta. Si ndivyo ulivyokuwa unanifanyia? Uchague jina la ukurasa, na uamue unataka ufanane na nini. Watu wengine wanaweka maua na nyota.

Mwanao,
Recho


Majimoto
2 Mei 1999

Mwanangu Recho,

Usidhani nilikaa kimya kwa kukosa nidhamu. Mto ulipanda, lori lililobeba barua yako likalala siku nne mbugani, viboko upande huu na mbung'o upande ule. Dereva alifika amevimba uso mzima, lakini barua ilikuwa kavu.

Tunavuna. Mwandu ameleta maziwa tena, safari hii kabla ya ng'ombe kuingia. Nadhani ameona alipe mapema.

Somo lako nimelielewa. Ili nisilisahau nimelifundisha. Osward namsimamisha mbele ya darasa, yeye ni "fungua". Specioza anasimama nyuma, yeye ni "funga". Walio katikati yao ni maneno manene, kwa hiyo wanasimama kwa vidole vya miguu na kujaza hewa mashavuni. Ijumaa Specioza alikwenda chooni bila ruhusa. Darasa zima likabaki limevimba mpaka aliporudi, na mwalimu mkuu akapita dirishani wakati huohuo. Nilimwambia ni somo la Kiswahili.

Barua yako niliisoma kwa sauti uani. Mtu mmoja alikuwa nyuma ya jiko anachonga mpini wa jembe. Nilipofika pale ulipouliza wote ni watu wangapi, kisu kilinyamaza. Nilipofika kwenye namba za rangi, kikaendelea. Sisemi zaidi ya hapo.

Kuhusu ukurasa: sitaki maua wala nyota. Mimi ni mwalimu. Nataka ufanane na ubao. Nyuma kuwe nyeusi, sifuri sita. Maandishi meupe, F sita. Juu kabisa iwe siku na tarehe, kama tunavyoandika asubuhi, na chini kabisa mahudhurio. Jina lake ni Ubao wa Majimoto. Habari ya kwanza ni hii, na kwenye karatasi nyingine nimeiandika pamoja na alama zote, na nyuma yake mbili za kufuata: ya Specioza chooni, na ya Osward na kiboko. Nimezipigia rula.

"Leo ni Jumatatu. Tumejifunza sehemu. Nimeuliza: nusu ya nusu ni nini? Edgar akajibu: ni uji wa shule. Nimetafuta kosa katika jibu hilo sikuliona. Waliopo 61. Wasiopo 4: mmoja malaria, watatu wanafukuza ndege mpungani."

Shangazi


Dar es Salaam
5 Juni 1999

Shikamoo shangazi,

Natumaini mavuno yameingia ghalani salama. Mimi na Immaculata hatujambo. Juzi umeme ulikatika siku nzima, mji mzima ukawa unanguruma kwa majenereta kama mashine ya kukoboa mpunga.

Shangazi, upo! Ubao wa Majimoto upo duniani tangu Jumanne iliyopita. Nimekuchapia kwenye karatasi uone. Ni mweusi, maandishi meupe, umependeza mpaka nimesikia harufu ya chaki. Mteja mmoja Mmarekani aliuona akasema kwao shajara za hivi wameanza kuziita weblogu, na wavivu wanafupisha, wanasema blogu. Nikamwambia sisi tunaita ubao.

Sasa tazama karatasi vizuri. Kuanzia neno "Edgar" kila kitu ni kinene, mpaka mahudhurio, mpaka anwani. Ulifungua, hukufunga. Nimekuahidi sitasahihisha, kwa hiyo dunia nzima inaona jina la Edgar limevimba hivyo. Ulete sahihisho.

Nimeongeza mambo mawili bila ruhusa yako. La kwanza ni bahasha inayozunguka yenyewe, hapo chini. Msomaji akiibonyeza anaweza kukuandikia, na barua inaingia kwenye anwani ya ofisi yetu hapa. La pili ni kihesabio cha wageni. Kimefika kumi na moja! Nitakuwa mkweli, tisa ni mimi.

Mwanzoni nilipata shida kuichapa habari yako. Mchana mashine zote zina wateja. Lakini asubuhi, nikishamaliza deki na kabla mwenye ofisi hajaja, nakaa mashine namba nne, ile ya karibu na dirisha, na ninakuwa na saa nzima peke yangu na wewe.

Msalimie anayechonga mipini.

Recho


Majimoto
11 Julai 1999

Mwanangu Recho,

Tuko wazima. Mavuno yalikuwa mazuri. Specioza amekuwa wa kwanza darasani, na amekuwa na majivuno, anawafunga wenzake hata wakiongea.

Karatasi nimeipokea na nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, ninakurudishia. Umepata kumi na tatu kwa ishirini. Kosa la kufungua na kutofunga ni langu, sikulihesabu. Lakini "mahudhulio" ni nini? Nimekulea katika nchi ya Wapimbwe, si katika nchi isiyo na "r". Bahasha inayozunguka uiondoe. Inazunguka inatafuta nini? Iweke bahasha iliyotulia. Kihesabio kibaki, ila uache kujihesabu.

Sasa naweka kalamu nyekundu chini.

Niliisoma barua yako kwa sauti kama kawaida. Ulimi wangu una mbio, ukafika kwenye neno "deki" kabla akili haijauzuia. Mtu wa nyuma ya jiko aliinuka akaondoka. Ni baba yako, Recho. Tangu mwezi wa pili amekuwa anasikiliza kila barua, na mimi nimekuwa najifanya simwoni. Siku ya tatu akaniambia, "Nilimpeleka akafunge vidonda vya watu, amekwenda kufuta nyayo zao." Halafu akaenda shamba, na huu si wakati wa shamba.

Tangu mama yako afariki tumekulea wawili, mimi na kaka Ezekia. Nina haki ya kuuliza. Mtaalamu wa kompyuta hupiga deki? Na kwa nini uliacha chuo cha uuguzi ukiwa umebakiza mwaka mmoja? Hadi leo hukutuambia. Uliacha karatasi mezani yenye maneno sita: "Nimeacha chuo. Nakwenda Dar kutafuta kazi."

Nijibu. Habari mpya ya ubao iko humu, alama zote zimefungwa.

Shangazi


Majimoto
20 Septemba 1999

Mwanangu Recho,

Tuko wazima. Miezi miwili nimekwenda Mpanda kufuata mshahara na kuulizia barua, na miezi miwili karani wa Posta ananiambia "bado, mwalimu" kabla sijafika dirishani.

Labda umeudhika. Labda umeona aibu. Kama ni aibu, nikuambie kitu ambacho sijakiandika hata kwenye madaftari yangu.

Mwaka ule wa 1979 nilipopelekwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, sikuwa nimesoma chuo cha ualimu. Nilikuwa mwalimu wa UPE. Tulitoka darasa la saba, tukapewa chaki, tukaambiwa mtajifunza kazini. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Walimu waliosoma waliniita Nusu Mwalimu. Wananituma maji, wananituma kuni, nikiingia ofisini wananyamaza. Saa za mapumziko nilikuwa nasimama nje ya dirisha la Mwalimu Callixte, Mrundi mmoja aliyejua kufundisha hesabu mpaka watoto wanasahau njaa. Nasikiliza, natia kichwani, kesho yake narudia vilevile darasani kwangu kama ni vyangu. Mwaka mzima nilikuwa mwizi wa dirishani. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu.

Sasa wewe umekaa mashine namba nne asubuhi. Unadhani nitakucheka?

Ukipiga deki, piga. Lakini niandikie.

Shangazi


Dar es Salaam
4 Oktoba 1999

Shikamoo shangazi yangu,

Barua zako mbili nimezipata siku moja, kwa sababu nilikuwa siendi Posta. Leo nasema yote, na usome kwa sauti, hata akiwa nyuma ya jiko. Hasa akiwa nyuma ya jiko.

Mimi ni mfagizi. Tangu siku ya kwanza. Nafagia, napiga deki, nafuta vioo, nachemsha chai. Ndiyo maana nikakuandikia kwamba ofisi yetu ni safi. Kompyuta nilijifunza kwa kusimama nyuma ya wateja nikiwa na kitambaa mkononi. Kioo kimoja nilikuwa nakifuta hata dakika ishirini.

Chuo niliacha kwa sababu ya damu. Nikiiona nazimia. Nimezimia mara tano, na mara ya tano nilimwangukia mgonjwa aliyekuwa ametoka kushonwa. Matron alinishauri kwa upole nitafute kazi nyingine. Nikaogopa kumwambia baba. Alikuwa ameshatangaza Majimoto nzima kwamba ana muuguzi. Nikaona afadhali anichukie mkaidi kuliko anicheke dhaifu. Ndiyo maana ile karatasi ilikuwa na maneno sita.

Na sasa kimya changu. Tarehe ishirini Julai mwenye ofisi, Bwana Telesfori, alikuja mapema kuliko kawaida. Alinikuta nimekaa, fagio liko juu ya meza, nachapa habari yako ya Osward na kiboko. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Akainama akasoma. Sikumwona akicheka. Akauliza, "Nani kakuruhusu?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi acha funguo mezani."

Nilikaa wiki saba nauza maandazi na Immaculata kituo cha mabasi. Ningekuandikia nini, shangazi? Kwamba hata deki imenishinda?

Tarehe kumi na mbili Septemba akamtuma mlinzi Manzese anitafute. Nikajua kuna kitu kimepotea, nimesingiziwa. Nilipofika nikamkuta ameshika karatasi nyingi. Akasema, "Dada, kila nikifungua barua pepe za ofisi nakuta za mwalimu wako. Saba hizi. Watu wanauliza mbona ubao haubadilishwi. Mmoja anauliza kama mwalimu anaumwa. Niwajibu nini mimi?" Halafu akasema kuna bwana mwenye nyumba ya wageni ameuona ubao wako hapohapo ofisini, anataka na yeye ukurasa, lakini usiwe mweusi. "Unaweza kumtengenezea?"

Nikasema naweza.

Shangazi, sasa nakaa mashine namba nne kwa ruhusa. Nimetengeneza kurasa tatu za wateja. Deki bado napiga mpaka apatikane mtu mwingine, na sioni vibaya, kwa sababu nazijua kona zote.

Zile barua saba zote nimezitia humu kwenye bahasha, lakini hii moja uisome kwanza:

"Kwa Mwalimu Pudensiana. Shikamoo. Sijui kama utanikumbuka. Mimi ni Sixte, darasa la pili Mishamo, mwaka 1980, niliyekuwa nakaa chini karibu na mlango. Sasa niko Kanada, naendesha basi. Hapa theluji inafika magotini. Nilikuwa natafuta neno Mpanda kwenye intaneti, nilitaka tu kuliona limeandikwa, na nikakuta ubao. Nikamwita mke wangu. Nikamwambia, huyu ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu, kwa kunishika mkono, na mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu. Watoto wangu wanataka kujua: Specioza alirudi lini kutoka chooni?"

Nijibu haraka, wasomaji wanakusubiri.

Recho


Majimoto
14 Novemba 1999

Mwanangu Recho,

Nimechelewa kwa sababu mwezi uliopita sote tulikuwa kwenye msiba wa Baba wa Taifa, nchi nzima, huko kwenu na huku kwetu. Mwalimu mkuu alilia mbele ya wanafunzi na hakuna aliyeshangaa. Sasa tumerudi kazini. Mvua za kwanza zimenyesha.

Barua ya Sixte nimeisoma mbele ya shule yote, darasa la kwanza mpaka la saba, wamesimama mstarini. Nilipofika kwenye mkono unaotetemeka nilimpa mwalimu mkuu amalizie. Namkumbuka. Alikuwa hana viatu wala daftari, anaandika kwenye mchanga, na ndiye mtoto wa kwanza aliyeniita mwalimu bila kuweka nusu. Mjibu kwamba Specioza alirudi baada ya dakika nane. Majibu ya wale wengine sita nimeyaandika humu, kila mmoja na jina lake.

Sasa habari za nyuma ya jiko.

Barua yako niliisoma yote, kwa sauti, polepole. Nilipofika kwenye damu nikasikia kitu kinaanguka. Baba yako akatokea uani, mkononi ameshika shoka na mpini havijaungana. Ilikuwa mara ya kwanza kunijia mbele wakati nasoma. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Mara tano?" Nikasema ndivyo alivyoandika. Akakaa juu ya kinu. Akasema, "Pude, unajua kwa nini kuku wa nyumba hii siku zote anachinjwa na Mwandu?"

Nikasema si kwa ujirani mwema?

Akasema, "Ujirani gani. Mimi nikiona damu magoti yananiacha. Tangu utoto. Marehemu mke wangu peke yake ndiye alikuwa anajua."

Recho, nimeishi na kaka yangu miaka yote hiyo na sikujua. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alinuna kidogo, halafu na yeye akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa ambacho hatujakisikia tangu ulipoondoka. Akasema, "Mtoto wa watu amebeba ugonjwa wangu, nami nikamkasirikia kwa kuubeba."

Nikamwambia basi mwandikie. Akasema barua hawezi, hajui aanzie wapi, na mkono wake haujazoea kuandika kwa mtu mmoja. Nikaacha. Siku nne baadaye akaniletea karatasi mbili za daftari. Akasema si barua, ni habari ya ubaoni, iandikwe kwa dunia nzima. Nimeitazama. Kila alama aliyofungua ameifunga. Alikuwa mwanafunzi wangu bora na sikumwandikisha.

Sijabadilisha neno. Na wewe usibadilishe.

"Leo ni Alhamisi. Mimi ni Ezekia, mkulima wa mpunga hapa Majimoto. Mwalimu ni dada yangu. Mwaka jana mwezi wa sita, asubuhi, nilikuwa bondeni natengeneza majaruba. Lori likapita barabarani. Nyuma ya lori alikaa binti yangu na sanduku lake. Aliniona. Aliinua mkono akapunga. Mimi nilikuwa na jembe mkononi, lakini jembe linawekwa chini. Sikupunga. Lori likaenda mpaka vumbi likaisha, ndipo nikainua mkono, na hapakuwa na mtu wa kuuona ila ndege. Nimeandika hapa ili uonekane. Waliopo: 2. Asiyekuwepo: 1."



Shangazi


Dar es Salaam
6 Desemba 1999

Shikamoo shangazi,

Nimepata barua yako Ijumaa. Immaculata anakusalimu, na Bwana Telesfori pia. Kapatikana kijana wa kupiga deki, lakini kona ya nyuma ya mlango bado hajaijua, nimemwonyesha.

Maandishi ya baba nilishindwa kuyachapa siku ya kwanza. Nilichapa "Mimi ni Ezekia" nikaenda kunywa maji. Siku ya pili nilifika kwenye lori nikaenda kunywa maji tena. Bwana Telesfori akauliza kama naumwa. Nikamwachia kiti. Alisoma ile karatasi ya baba akiwa amesimama, halafu akavua miwani akasema, "Leo ofisi inachelewa kufungua nusu saa. Maliza." Akatoka akakaa mlangoni, akawa anawarudisha wateja.

Nimemaliza. Sijabadilisha neno. Iko juu kabisa tangu Jumamosi. Sixte ameandika kutoka Kanada. Anasema alilisimamisha basi kituoni dakika mbili zaidi bila sababu, abiria wakamvumilia.

Shangazi, nilikwenda stesheni jana. Nimepewa likizo ya wiki tatu. Naondoka Dar Jumapili tarehe kumi na tisa, nabadilisha treni Tabora, nikifika Mpanda nitatafuta lori la kwanza linalokuja Mpimbwe. Siku yenyewe siwezi kuahidi, unajua barabara ile.

Mwambie baba asikae barabarani kunisubiri. Jua ni kali, na lori linaweza kuchelewa hata siku mbili. Aendelee na kazi zake bondeni. Mimi nitakuwa upande wa kushoto wa lori, nimesimama, na nitaanza kupunga tangu kwenye kona ya juu, kabla hata sijamwona.

Mtoto wenu,
Recho